Mifuko Niliyomchagulia Bwana Talib

Sheikha na Anwar, mliniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi yetu ya dukani kabla sijayasahau. Sijayasahau. Na kama mnadhani mwanamke akistaafu akili yake inastaafu pamoja naye, njooni hapa Sib mnione. Nimeshona upya mito yote ya sebuleni. Nimefumua pazia la jikoni, nikalishona, nikalifumua tena. Mume wangu Salim amehamishia kiti chake uani ili asiwe karibu na mkasi wangu. Hii ni wiki ya tatu tangu niondoke dukani, na hakuna siku niliyokaa kitako saa nzima.

Sababu nitawaambia mapema, msije mkasema ni uzee. Bwana Talib, mteja wetu, yuko milimani Amerika hivi sasa. Anawinda, na kwenye mzigo wake amebeba mifuko ya nyama niliyomchagulia mimi. Miaka tisa iliyopita alibeba pia mifuko niliyomchagulia mimi. Nyama yote ikavunda, na akaambiwa kosa ni lake. Kosa lilikuwa langu, na sijamwambia mpaka leo. Ndiyo maana simu haibanduki mkononi, na ndiyo maana pazia limepata tabu.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazikunifunza kushona, na mishahara yenyewe mnaijua.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na moja. Kiarabu changu kilikuwa bado cha kubabaisha, maana tulihamia huku kutoka Unguja nikiwa mkubwa kidogo, na nyumbani hatukusema ila Kiswahili. Duka lilikuwa palepale sokoni Sib: mbele mahema, mikeka, mabirika na taa za kambi, nyuma chumba cha kushonea chenye vyerehani vitatu na feni moja iliyokuwa ikizunguka ikitaka. Nilikwenda nimevaa nguo yangu nzuri, nikidhani nitashona nguo. Nikapewa turubai la lori lenye tundu la kupitisha mbuzi.

Aliyenipa ni Fundi Khalfan. Yeye alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake cha bara kilitupa raha sana sisi wa Unguja. Alikuwa akituacha tucheke mpaka tuchoke, kisha anasema, "Sisi Tabora tulikuwa tunakula nyama. Ninyi mlikuwa mnakula dagaa. Endeleeni kucheka." Siku ile ya kwanza alinitazama nikihangaika na sindano ya magunia, ile ndefu iliyopinda ncha, mpaka nilipojichoma kiganja. Hakunipa pole. Alinipa kipande cha ngozi nikivae mkononi, na donge la nta ya kupaka kwenye uzi. Ngozi ile ninayo hadi sasa, na Anwar, usiiulize, sikupi.

Jambo kubwa alilonifunza ni la pumzi. Kabla ya kukata kitambaa chochote alikiweka mdomoni, akapuliza, na nyuma ya kitambaa akaweka mgongo wa mkono wake. Kikiwa cha hema alitaka asihisi kitu. Kikiwa cha kufunikia chakula alitaka ahisi upepo. "Kiulize kwanza kinakwenda kufanya kazi gani," alikuwa akisema. Alitusimulia pia kwamba ujanani, walipokuwa wakiwinda porini na wajomba zake, nyama waliitia katika mifuko ya marekani, ile pamba isiyopaushwa, wakaitundika kivulini upepo uipite, ikakauka nje ikabaki nzuri ndani kwa siku kadhaa. Mimi nilisikiliza hadithi zile huku nahesabu dakika za kwenda nyumbani. Fundi Khalfan alipostaafu akaenda kuishi kwa binti yake mjini Sur, aliniachia cherehani chake na meza yake. Hadithi nilikuwa nimeshaziacha ziende.

Sasa niseme na lile lililonitia kiburi. Sheikha analijua, lakini Anwar ni mtu wa Tanga, kwa hiyo namweleza. Siku za Idi hapa tunapika shuwa. Nyama inapakwa viungo, inafungwa kwa majani ya mgomba, inatiwa ndani ya mfuko uliosukwa kwa majani ya mtende, mdomo wa mfuko unashonwa, kisha mifuko inazikwa katika shimo la moto na kufukiwa. Inafukuliwa baada ya siku nzima au mbili. Shimo ni moja kwa mtaa mzima, na kila nyumba inatia alama kwenye mfuko wake. Mfuko ukifunguka humo ndani, mchanga na majivu yanaingia, na Idi ya watu inaharibika. Mtaani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikishona midomo ya mifuko ya nyumba zaidi ya kumi. Hakuna wangu uliofunguka, hata mmoja, mwaka wowote. Wanawake waliniletea mifuko yao wakinisifu, na sifa zikanikaa kichwani. Nikaamini kuwa mfuko mzuri wa nyama ni ule usiopitisha kitu.

Kwa shuwa ni kweli. Shuwa inataka joto libaki ndani.

Wawindaji walianza kuja dukani kidogo kidogo. Huku kwetu wanyama wa porini wanalindwa na sheria, kwa hiyo mwenye hamu ya kuwinda hutoka nje. Walikuja kununua mahema, buti, visu, tochi, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa vitambaa, mambo ya mifuko yaliletwa kwangu. Sijawahi kuwinda hata panya. Kuku nikimchinjisha nageuza uso. Lakini nilikuwa na ulimi mwepesi, na mtu mwenye ulimi mwepesi nyuma ya kaunta watu humdhania mtaalamu.

Ndipo walipoingia Mzee Nassor na mwanawe. Mzee Nassor alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, rafiki wa mwenye duka; kila Alkhamisi alikuja kunywa kahawa nasi na kumkosoa kila mtu. Mwanawe Talib ni injinia wa maji, anakaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Baba na mwana hawakuwa wakigombana, ila hawakuwa na la kuzungumza. Baba alimwona mwanawe mtu wa kiyoyozi. Mwana alimwona baba mtu asiyeridhika. Talib alikuwa ameomba kibali cha kuwinda elki, miaka ikapita, na kilipotoka alimwambia baba yake, "Twende sote." Na mzee akakubali, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu, nadhani hata yeye mwenyewe.

Elki ni jamaa ya kulungu, lakini wa nchi za baridi, na mwili wake unamshinda ng'ombe dume wa kwetu. Mzee Nassor aliketi mbele ya meza yangu akaanza.

"Bi Rahma, mwanangu huyu anataka kuwinda ng'ombe mwenye pembe kama mti. Mtie akili."

"Baba, ni elki, si ng'ombe."

"Haya, elki. Akishakufa atabebwa na nani? Weye uliyezoea lifti?"

"Anakatwa vipande, Baba. Kila kipande mfukoni mwake, tunabeba mgongoni."

"Tunabeba," mzee akaniambia mimi. "Kasema tunabeba. Mie nna miaka sabini."

Lakini alikuwa akitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu na mwanawe yuko karibu.

Talib akanipa orodha aliyoletewa na mwenyeji wao wa kule. Iliandikwa wazi: mifuko sita, mikubwa, yenye kupitisha hewa. Tulikuwa na mfano wake dukani, wa pamba nyepesi, umefungwa ndani ya boksi. Niliutoa, nikauvuta kwa vidole, nikaona mwanga upande wa pili, nikaucheka. "Hichi chandarua," nikamwambia. "Nyama ikipata hewa, inzi nao washapata. Niachie mie, ntakushonea mfuko wa maana." Alisitasita, akaitazama orodha yake. Baba yake akamwambia, "Muachie fundi kazi yake." Basi akaniachia.

Nikashona kwa turubai jepesi lenye mpako ndani, mshono wa mara mbili, mdomo wenye kifuniko na kamba inayokaza. Mdomo ule niliukaza vile ninavyokaza wa shuwa. Kitambaa kikaishia kwenye mfuko wa tano, nikamwambia mitano inatosha. Wala sikupuliza. Cherehani cha Fundi Khalfan, meza ya Fundi Khalfan, na sikukiweka kitambaa mdomoni hata mara moja. Nilikuwa najua tayari, na anayejua tayari hapimi.

Walirudi baada ya wiki tatu. Talib alikuja dukani peke yake, mifuko ameikunja ndani ya mkoba, ameiosha. Mwenye duka alikuwa meza ya pili anaongea na mteja mwingine, sikio moja kwetu.

"Tulimpata, Bi Rahma," akasema. "Siku ya nne. Baba ndiye aliyemuona mwanzo. Nikasema bismillahi, nikapiga, akaanguka pale pale." Akaufungua mkoba. "Nyama ikavunda. Kesho yake mchana tulipofungua mifuko, harufu ikatutoa machozi. Yote, ila mkono mmoja wa mbele."

"Mkono upi?"

"Uliokosa mfuko. Mifuko ilikuwa mitano. Baba aliufunga kwa wizari yake."

Wizari ni kitambaa cha pamba ambacho wanaume wetu hujifunga ndani ya kanzu. Cheupe, chepesi, kimefuliwa mara mia. Nilipolisikia neno lile tu nilijua. Hapakuwa na haja ya kufikiri. Nyama iliyofungwa kwa pamba ilipona, nyama iliyofungwa kwa turubai langu ikavunda. Mnyama aliyekufa sasa hivi ana joto kubwa mwilini, na kazi yote ya mfuko ni kuliacha litoke. Mimi nilikuwa nimelizika kama shuwa.

Mwenye duka akageuza kichwa. Na mimi nikauliza, kwa sauti yangu ya utaalamu, "Mlikaa muda gani kabla ya kumchuna?"

"Sijui. Tulisali rakaa mbili za shukrani. Kisha Baba akataka picha, mie naye pamoja. Labda saa nzima."

"Basi mlichelewa," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, taratibu. "Ndivyo anavyosema Baba. Kwamba nilizubaa." Akaiweka mifuko juu ya meza yangu. "Nilimtaja Mungu juu ya roho ile, Bi Rahma. Kisha nikaiacha nyama inuke mlimani. Sijui ntasema nini nikiulizwa."

Ningeweza kusema pale. Neno lilikuwa dogo. Lakini mwenye duka alikuwa akisikiliza, na sifa za mtaa mzima zilikuwa kichwani, na nilijiambia kwamba nitamtafuta faraghani. Akaondoka. Mlango ulipofungwa nikachukua mfuko mmoja, nikauweka mdomoni, nikapuliza. Mgongo wa mkono haukuhisi kitu.

Yaliyofuata upande wa kazi ninayasema bila haya, kwa sababu ndiyo mliyojifunza kutoka kwangu. Mifuko yote ya turubai niliyokuwa nimeshona niliikata siku ileile ikawa vifuniko vya viti vya magari. Nilimpigia simu Fundi Khalfan kule Sur, nikamwambia nisimulie tena habari za marekani, na safari hii niliandika. Alisimulia kwa saa moja, na hakuniuliza kwa nini nataka. Nikaagiza mifuko ya kila aina. Niliitia nyama ya ng'ombe ya moto kutoka machinjioni, nikaitundika uani kwangu wakati wa baridi, nikaitazama kila baada ya saa. Salim alikula nyama mpaka akaomba samaki.

Kwa hiyo nasema tena, hata kama mmechoka kunisikia. Plastiki hapana, abadan. Kitambaa cha shashi, kile chembamba cha matundu makubwa, hapana pia: kinachanika kwenye mfupa, na inzi anataga mayai akiwa nje. Pamba nzito isiyopaushwa ni nzuri na ina nguvu, ila ikilowa inakuwa mzigo na inachelewa kukauka. Nailoni nyepesi ile inayopumua inagharimu zaidi, lakini inakunjwa ikaingia mfukoni mwa koti, na inafulika. Kipulizeni kila kimoja, hata kama kiwanda kimeandika nini juu ya boksi. Rangi iwe nyeupe au ya kung'aa, mtu aione kwa mbali kwenye miti na aone uchafu ulipo. Anayekwenda kwa elki mara ya kwanza mpeni mikubwa sita, minne ya mapaja na mikono, miwili ya minofu, na mmoja zaidi wa akiba, kwa sababu mmoja lazima utaingia matopeni. Mshono wa kitako utazameni mara mbili, ndio unaobeba uzito. Na mteja akija na orodha iliyoandikwa na mtu wa kule, isomeni mpaka mwisho kabla hamjacheka.

Tangu siku ile hakuna mteja wangu aliyepoteza nyama. Najua mnalijua hilo. Mmeniita fundi mbele ya watu kwa ajili ya hilo.

Lakini Mzee Nassor aliendelea kuja kila Alkhamisi. Nilimtilia kahawa, akachukua tende, akaanza. "Mwanangu injinia. Anajua kila bomba la maji la mji huu, hajui kuchuna mnyama. Kama si wizari yangu, tungerudi na pembe tupu." Watu walicheka. Nami nilicheka. Hiyo ndiyo sehemu inayonifumulisha mapazia: nilicheka pamoja nao, birika mkononi. Siku moja Talib mwenyewe alikuwepo, amemleta baba yake kwa gari. Mzee akaisimulia yote, na picha, na kuzubaa, na harufu. Talib akatazama kikombe chake mpaka hadithi ikaisha.

Mwaka mmoja Talib alimwomba baba yake waombe kibali tena. Mzee akanihadithia mwenyewe, akitikisa kichwa. "Nikamwambia, twende wapi? Tukaozeshe mwengine?" Hawakwenda. Hawakwenda popote tena pamoja, nijuavyo mimi. Kila Alkhamisi nilijiambia Alkhamisi ijayo nitasema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunasema, na mimi yangu yaliniuma miaka saba. Kisha mzee akaugua, miezi miwili tu, akafa. Nilikwenda msibani nikakaa na wanawake. Nilisoma Yasini, nikala wali wao.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Sheikha, ulikuwepo. Aliingia mtu mwenye ndevu za mvi akichechemea goti moja, na wewe ukamkaribishia kiti. Mimi nilimjua kabla hajageuka.

"Bi Rahma. Kibali kimetoka tena."

"Kwa elki?"

"Kwa elki. Nikisubiri chengine goti hili litakuwa halipandi hata ngazi. Nakwenda peke yangu, na mwenyeji yule yule." Akacheka kidogo. "Nichagulie mifuko. Mie ni kama naanza, ile ya mwanzo siihesabu."

Nilimtolea ile ya nailoni. Saba. Nilipuliza kila mmoja mbele yake na kumfanya naye apulize, mtu mzima injinia, anajipulizia mkononi katikati ya duka. Nilivuta kila mshono wa kitako kwa nguvu zangu zote. Nilimwonyesha namna ya kufunga mdomo, uzuie inzi tu, usikazwe. Akaniangalia.

"Mara ile uliukaza."

"Mara ile nliukaza," nikasema.

Alisubiri. Nina hakika alisubiri, au labda ni dhamiri yangu inayotia chumvi. Mdomo nikaufungua. Na wewe Sheikha ukaja kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi. Sikulaumu, ungekuja au usingekuja ningepata kisingizio kingine. Nikakupa ufunguo. Nilipogeuka, alikuwa anaipanga mifuko kwenye mkoba.

"Safari hii hakuna picha," akasema. "Wala sintochelewa, inshaallah." Na akaondoka akichechemea.

Nyumbani nilimwambia Salim yote, mara ya kwanza kwa mtu yeyote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema neno moja. "Mwambie."

"Yuko safarini."

"Alipokuwa hayuko safarini ulimwambia?"

Ndipo akahamisha kiti.

Niliandika mpaka hapo jana, nikidhani nitamaliza kwa nasaha, kama wanavyomaliza wastaafu wote. Leo asubuhi, saa mbili, nimesimama jikoni naunga chai, simu ikalia. Namba ndefu ya nje. Kwao usiku ulikuwa umeshaingia.

"Bi Rahma? Nimempata."

"Alhamdulillahi. Saa ngapi?"

"Alasiri. Wallahi sikupiga hata picha moja. Nimechuna pale pale, mbio mbio, mwenyeji ananambia pole pole, utajikata. Nyama yote imo mifukoni, iko juu ya miti. Naigusa, inapoa. Sikuchelewa, Bi Rahma." Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. "Safari hii sikuchelewa."

Nilikuwa na hiari ya kusema hongera. Ningesema hongera, mtu yule angelala vizuri, na mimi ningekufa na langu. Nikaweka kijiko mezani.

"Bwana Talib, hata mara ile hukuchelewa."

"Vipi?"

"Ile nyama haikuvunda kwa sababu yenu. Hata mngekaa saa mbili. Ilikuwa mifuko yangu. Turubai lile halipumui, mie nlikushonea kama nashona shuwa, joto likakosa pa kutokea. Orodha yako ilisema kweli, nami nliicheka."

Nilisikia upepo, na mtu akivunja kuni.

"Umejua lini?"

"Siku ile uliyoileta. Uliponambia habari ya wizari."

"Siku ile ile."

"Siku ile ile."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Baba alikuwa akija kwenu kila Alkhamisi."

"Ndiyo."

"Miaka saba, Bi Rahma."

"Ndiyo."

Sikumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yake kwa miaka, na hakuna hata moja lililokuja. Nilijua tu kwamba mtu wa kuambiwa, baba yake, hayupo tena, na kwamba niliyembakishia mzigo ni huyu, peke yake, kwenye baridi ile. Machozi yakanitoka, na sikuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine umeshika ukingo wa meza. Nilisubiri akate. Ilikuwa haki yake.

"Mfuko wa paja moja umelowa chini," akasema. "Nifanye nini?"

"Umelowa damu au maji?"

"Sijui. Kuna kiza."

"Unuse."

Nikamsikia akiinuka, goti likimuuma, akitembea kwenye majani. "Damu," akasema.

"Basi si kitu. Ushushe. Fungua mdomo, futa nyama kwa kitambaa kikavu, hasa karibu na mfupa. Ihamishie kwenye ule wa akiba, uutundike mbali na mingine, upande upepo unakotoka."

"Mkono mmoja una tochi."

"Iweke tochi chini."

"Haya," akasema. "Usikate."

Sikukata. Chai ikachemka ikamwagika juu ya jiko, Salim akaja mlangoni akanitazama, nikamwashiria anyamaze. Nilikuwa namsikiliza Bwana Talib akifungua fundo.